Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Kila asubuhi, kabla sijavuka kizingiti, mama hunisimamisha mlangoni anikague. "Kucha?" Ninanyoosha vidole. "Leso?" Ninaitoa mfukoni. "Umesali?" Hapo mimi hukohoa kidogo, naye hunisukuma begani akicheka. "Nenda, mwongo we. Utasali njiani." Wakati huo baba, Mzee Mutayoba, huwa ameshaondoka kwenda kazini kwake mjini, Mirongo. Mama akishanitoa mimi, hubeba mikungu yake hadi gengeni, hapo Mkolani barabarani, akawauzia watu ndizi za kwetu Bukoba.

Nadhani ni ukaguzi huo ulionifanya nichaguliwe kiranja wa afya wa darasa la sita. Cheo kile nilikipenda kupita kiasi, sina haja ya kuficha. Nilikuwa na kijidaftari cha kuandika majina ya wenye kucha ndefu, na saa nne, wakati wa uji, mimi ndiye niliyesimamia vikombe na kuwagawia kazi wenzangu wa zamu. Shimba, mvulana mwenye utani usioisha, aliniita Bwana Afya, ingawa mimi ni msichana. Nilijifanya kuchukia.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa msichana aitwaye Kashindye. Tuliketi dawati moja tangu darasa la tatu. Kwa Wasukuma, Kashindye ni jina la mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu, naye alikuwa akisema, "Ndiyo maana nawahi shule kuliko nyie. Miguu yangu ilitangulia." Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, na alikuwa na mwandiko ambao sijauona hata kwa mtu mzima. Herufi zake zilipangana kama shanga kwenye uzi. Alisema akimaliza shule atakuwa mtu wa kuandika majina kwenye vyeti, yale majina makubwa ya wino mweusi. Hatukujua kama kazi hiyo ipo, lakini tuliamini ataipata.

Mwandiko huo ulilisaidia darasa zima. Mwalimu Antoni, mwalimu wetu wa darasa na wa Kiswahili, alikuwa na riwaya moja ya zamani iliyopotelewa na jalada na kurasa za mwanzo, hata jina lake halikujulikana. Sisi tuliiita Kitabu cha Sikudhani, kwa jina la msichana aliyemo. Nakala ilikuwa moja, na sisi tulikuwa wanafunzi sabini na wawili. Basi kila Alhamisi mimi nilisimama mbele nikasoma sura moja kwa sauti, kisha Kashindye alikwenda na kitabu nyumbani akainakili sura ile kwenye daftari kubwa, ili aliyekosa shule aisome. Daftari lile liligombewa. Shimba aliwahi kukimbia nalo hadi kwenye mawe nyuma ya shule ili alisome peke yake.

Sikudhani alikuwa binti wa mchimba makaburi. Watu wa kijiji chake waliamini kwamba mikono ya ukoo wa mchimba makaburi ina mkosi, kwa hiyo walimkataza kuchota maji kisimani pamoja na wenzake. Alichota peke yake mtoni, penye maji ya kasi. Tulimhurumia kila wiki. Tuliwatukana wale wanakijiji kwa majina yao.

Mwezi wa tatu, katikati ya kipindi cha hesabu, Kashindye alianguka. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega, nikasikia penseli yake ikidondoka, kisha yeye mwenyewe akawa sakafuni. Mwili ulikakamaa, ukaanza kutetemeka, na povu likamtoka mdomoni. Darasa zima tulikimbilia ukutani. Mwalimu wa hesabu naye alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ubao.

"Msimguse!" sauti zilisema. "Ni kifafa!"

"Hata hewa yake msivute," Shimba akasema, amejiziba pua kwa kola ya shati.

Baada ya dakika chache Kashindye alitulia, akafumbua macho, akatuona tumejipanga ukutani. Sketi yake ilikuwa imelowa. Alipiga magoti akaanza kuokota penseli na rula yake, moja moja, na hakuna aliyemsaidia. Hata mimi sikumsaidia.

Nilipomsimulia mama jioni, aliweka chini beseni la ndizi.

"Ulimgusa?"

"Hapana, mama."

"Ahsante Mungu." Akanivuta bombani, akaniosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mara mbili. "Sikiliza, mwanangu. Ule ugonjwa hauna mchezo. Ukigusa povu lake, na wewe umeupata. Sikukatazi kumsalimia. Msalimie, ila kwa mbali."

Mama yangu si mtu mbaya. Ni mtu ambaye jirani akiuguliwa, sufuria la kwanza la mtori hutoka kwake. Alisema maneno yale kwa kunipenda, na mimi niliyapokea hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata wazazi kadhaa walikwenda kuzungumza na Mwalimu Antoni, na mama alikuwamo. Kesho yake Kashindye alihamishiwa dawati la mlangoni, akae peke yake. Aliendelea kunakili kitabu na kulileta daftari kila Ijumaa, lakini sasa mwalimu alipoliweka juu ya kabati, lilibaki pale. Watu walisema Kashindye hulamba kidole anapofungua kurasa.

Nami nilifanya langu. Hakuna aliyenituma. Nilichukua uzi mwekundu kwenye kopo la mama la kushonea, nikaufunga kwenye mkono wa kikombe kimoja cha bati, nikampa Kashindye wakati wa uji.

"Hiki ni chako," nikamwambia.

"Kwa nini kina uzi?"

"Ili kisikupotee."

Alikitazama kitambo. "Ahsante, Prudencia," akasema, akaenda kunywa uji wake kando ya tangi la maji. Nilirudi kwenye vikombe vyangu nikijiona nimefanya kazi nzuri ya kiranja.

Mwezi wa tano tulifika kwenye sura ya mto. Mvua imenyesha, mto umejaa, Sikudhani anateleza na ndoo yake, maji yanamchukua. Wanakijiji wanafika mbio. Wanaona mkono wake ukijitokeza juu ya maji. Na mwandishi, sijui alikuwa nani, aliandika hivi: "Watu walisimama ukingoni, kila mmoja akisubiri mwenzake awe mtu."

Nilishindwa kuendelea. Machozi yalinibubujika mbele ya darasa bila aibu. Wasichana wa mbele walilia, Shimba aliinamisha kichwa dawatini, na Mwalimu Antoni alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kule mlangoni Kashindye hakulia. Alikuwa akinitazama mimi, na alipoona nimemwona, akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lake tangu mwezi wa tatu. Nilijifuta uso kwa leso nikarudi kwenye dawati langu.

Siku kumi na moja baadaye ilikuwa zamu yetu jikoni. Jiko letu ni paa la mabati juu ya nguzo nne, na chini yake mafiga matatu makubwa yanayobeba sufuria la uji wa shule nzima. Mpishi, Mama Mhoja, alikuwa ameingia stoo kupima sukari. Nikaanza kugawa kazi: nani achote maji, nani aoshe vikombe, nani apakue.

Kashindye akajitokeza. "Mimi nitaosha vikombe kama zamani."

Wenzangu waliangaliana, kisha wakaniangalia mimi. Mmoja alirudisha kikombe alichokuwa ameshakishika.

"Hapana," nikasema. "Wewe kaa motoni, uchochee kuni."

"Moto unanitia kizunguzungu, Prudencia. Mama amenikataza kukaa karibu nao."

"Ni kuchochea tu. Hutagusa chakula wala vyombo."

Ndivyo nilivyomwambia. Sababu nzima ya kumweka pale ilikuwa ili asiguse vikombe vyetu. Akaenda akachuchumaa mbele ya mafiga, akaanza kusukuma kuni ndani.

Haikupita muda. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, upawa mkononi, nilipoona kichwa chake kinapinda upande. Akaanguka kwa ubavu, na mkono wake wa kulia ukaingia katikati ya mafiga.

Tulikuwa tisa pale. Mtu mmoja alipaza sauti, "Msimguse!" Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba alikuwa mwingine. Ilikuwa sauti yangu.

Mama Mhoja alitoka stoo akikimbia, sukari ikamwagika nyuma yake. Alimshika Kashindye kwapani kwa mikono yote miwili akamvuta nje ya jiko, akamlaza ubavu, akakilaza kichwa chake mapajani mwake. Povu lilimlowesha kanga, hakujali. Alikuwa akimmwagia maji mkononi huku akilia kwa hasira. "Nyie watoto! Mlikuwa mnaangalia nini? Mnaangalia nini nyie?"

Upawa ulikuwa bado mkononi mwangu.

Kashindye alilazwa hospitali wiki tano. Tulisikia habari vipande vipande: kwamba ameponea chupuchupu, kwamba uso haukuguswa, kwamba vidole vitatu vya mkono wa kulia vimejikunja na havitanyooka. Niliposikia habari ya vidole niliangalia juu ya kabati, kwenye lile daftari kubwa.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu Antoni aliingia na kitabu. "Prudencia, njoo utusomee tena ile sura ya mto."

Nilisimama mbele. Nilisoma mvua, nikasoma ndoo, nikasoma mkono juu ya maji. Nilipofika kwenye "Watu walisimama ukingoni," niliishia hapo. Safari hii hakuna aliyelia. Kila mtu alitazama dawati lake.

"Keti," mwalimu akasema. Akaketi na yeye, jambo ambalo halifanyi wakati wa kipindi. "Ninyi ni watoto. Mimi ni mtu mzima, nimesoma, na mimi ndiye niliyehamisha dawati la Kashindye. Wazazi walipokuja, nilijua kwamba sijui lolote kuhusu kifafa. Ningeweza kwenda kituo cha afya kuuliza, ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Ilikuwa rahisi zaidi kubeba dawati."

Akatueleza aliyoyasikia kwa daktari. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizwi kwa povu, wala kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa hewa. Mtu akianguka, ondoa vitu vya kumdhuru, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni wala usimbane mwili, kaa naye mpaka azinduke. Zikipita dakika tano hajatulia, akimbizwe hospitali. Dawa zipo, na akizitumia kila siku mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kuanguka.

Shimba aliinua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo siku ile tungemvuta tusingepata kitu?"

"Msingepata kitu."

Shimba alijiziba uso kwa kola ya shati, kama alivyofanya mwezi wa tatu, lakini sasa alikuwa analia.

Kipindi kilipokwisha nilikwenda kwenye kabati nikaliteremsha daftari kubwa. Lilikuwa na vumbi. Nilianza kufungua kurasa zile za shanga, sura baada ya sura ambazo hakuna aliyezisoma, mpaka nikafika kwenye sura ya mto. Pale kwenye mstari ule, pembeni, Kashindye alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: "Hapa Prudencia alilia. Nikianguka tena, yeye atanishika."

Nililia mpaka mwalimu akaja kunichukua.

Jioni nilimpa mama lile daftari. Alisoma pale nilipomwonyesha. Hakulishika kwa ncha za vidole kama nilivyohofia; alilikumbatia kifuani, akakaa kwenye kigoda. "Nilikufundisha vibaya, mwanangu," akasema. "Nilifundishwa hivyo na mimi sikuuliza. Twende tukamwone."

Hospitalini hawakuturuhusu kuingia wodini; alipotoka, Kashindye alipelekwa kwa shangazi yake Sengerema, apumzike. Tulikwenda siku za likizo, mama na mimi na mkungu wa ndizi. Pale Kigongo, mahali ambapo zamani tulipanga foleni ya kivuko, sasa tulipita darajani. Mama hupenda kulitazama ziwa na kutaja kila mtumbwi, lakini siku ile hakutaja chochote. Mimi nilikuwa na kikombe cha bati ndani ya mfuko. Uzi nilikuwa nimeukata.

Tulimkuta Kashindye uani, mkono umefungwa bendeji. Mama yake alikuwapo, akichambua dagaa kwenye ungo. Tulimsalimia. Mama yangu hakusubiri kiti. Alipiga magoti mbele ya Kashindye, mwanamke mzima, akamshika mkono wa kushoto. "Nisamehe, binti yangu. Mimi nilikuwa kati ya waliokwenda kwa mwalimu."

Kashindye aliona haya, akamwinua. Kisha akanitazama mimi, nami nikampa kikombe.

"Uzi uko wapi?" akauliza.

"Nimeukata."

"Nilijua ulikuwa wa nini."

"Mbona ulisema ahsante?"

Alikigeuzageuza kile kikombe kwa mkono wa kushoto. "Wengine walikuwa wananikataza hata uji," akasema. "Wewe ulinipa."

Sijawahi kusikia maneno yaliyoniuma kama yale, na hakuyasema kwa ukali.

Mama Kashindye aliacha dagaa. "Sisi wenyewe tulimficha," akasema taratibu. "Tulisema tukienda hospitali watu watajua. Tumempa dawa za mizizi miaka miwili. Kila mtu aliogopa, na mtoto ndiye aliyeungua." Akachota maji ya mtungi kwa kile kikombe, akampa Kashindye. Kashindye akanywa nusu, akaninyooshea. Nilikunywa yaliyobaki, na hakuondoa macho kwangu mpaka nikamaliza.

Mwezi wa saba alirudi shuleni. Dawati lilirudishwa mahali pake, na Shimba alilifuta vumbi mara tatu bila kuambiwa. Anameza dawa kila siku, na mama yangu hapitishi siku bila kuniuliza, "Kucha? Leso? Kashindye amekunywa dawa?" Jikoni hakai tena. Anaosha vikombe, polepole, kwa mkono mmoja na nusu, nami nafuta.

Tangu arudi ameanguka mara moja tu, mwezi wa tisa, uwanjani. Shimba alivua sweta akalikunja chini ya kichwa chake. Mimi nilimlaza ubavu nikakaa chini nikimshika bega, na povu likanipata kwenye sketi. Wengine waliokota penseli zote zilizomdondoka mfukoni wakazipanga. Alipozinduka aliuliza, "Nani amenishika?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akafumba tena macho, akapumzika.

Daftari kubwa tunaliendeleza wawili. Yeye ananisomea, mimi naandika kwa mwandiko wangu wa kuku. Kila ukurasa namwachia mstari mmoja, anauandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazoyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza. Zile shanga hazitarudi. Habari ya vyeti hatuizungumzi.

Tulipoimaliza sura ya mwisho, Mwalimu Antoni alilichukua daftari akalifungua mbele ya darasa, akatuonyesha upande wa shanga na upande wetu. "Kumlilia mtu wa kitabuni hakuna gharama," akasema. "Hanuki, haanguki, hakai dawati lako. Watu wa kijiji cha Sikudhani hawakuwa mashetani. Walikuwa watu wa kawaida, kina mama wanaopenda watoto wao, walimu, viranja. Waliambiwa jambo, wakaliamini, hawakuuliza. Ukitaka kujua kama umekielewa kitabu, usihesabu machozi yako. Mwangalie aliyeketi peke yake mlangoni, halafu uende ukakae naye."

Kisha akanirudishia daftari nilirudishe kabatini. Kabla ya kulifunga nilifungua ile sura ya mto. Maneno ya penseli bado yapo pembeni, sikuyafuta wala sitayafuta. Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu uliopinda: "Nilimshika. Nilichelewa."